Jumamosi ya Sauna Baridi

Mzee Oiva Niskanperä alikuwa na sharti moja tu kuhusu mchumba wa binti yake, na alilitangaza jikoni bila kuinua macho kwenye kikombe chake cha kahawa. Kijana aje siku ya mechi. Siku nyingine yoyote mtu anaweza kuvaa vizuri, akaongea vizuri, akasifu mikate ya mama mwenye nyumba na kuondoka bila kujulikana. Siku ya mechi hakuna anayeweza kujificha.

"Mechi ipi?" Kaisu aliuliza, ingawa alijua.

"Hiyo hiyo," baba yake akajibu.

Ilikuwa nusu fainali ya ubingwa wa dunia wa hoki ya barafuni, Ufini dhidi ya Uswidi. Na mchumba mwenyewe, Sixten Alatalo, alikuwa Mswidi.

Hakuwa Mswidi wa mbali. Kati ya Tornio, upande wa Ufini, na Haparanda, upande wa Uswidi, kuna daraja tu, na Sixten alizaliwa na kukulia mwisho wa pili wa daraja hilo. Jina la ukoo wake ni la Kifini, bibi yake alimlea kwa lugha ya mtoni, Kifini cha upande ule, ambayo Mzee Oiva anaielewa bila taabu, na haipiti wiki bila yeye kuvuka kuja kutengeneza pampu za joto za watu wa Tornio. Ndivyo alivyokutana na Kaisu. Pampu ya zahanati ilizimika katikati ya majira ya baridi ya mwaka uliopita, na Kaisu, mkunga aliyekuwa zamu, akamshikia tochi. Alimshikia kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Wote wawili waliliona hilo, na hakuna aliyelisema mpaka theluji ilipoanza kuyeyuka.

Sasa walitaka kuoana sikukuu ya katikati ya kiangazi, katika kanisa la upande wa Sixten, na kuishi huko huko. Kaisu alikuwa na miaka thelathini na moja na hakuhitaji ruhusa ya mtu. Alichotaka ni baba yake avuke daraja siku hiyo na kumshika mkono mpaka madhabahuni. Mzee Oiva alivuka daraja mara kwa mara kwenda kununua ugoro wa kuweka chini ya mdomo, lakini kuvuka kwenda kumkabidhi binti kwa Waswidi, alisema, hilo si sawa na ugoro. Angetoa jibu mechi ikiisha. Kaisu naye alikuwa amemwambia Sixten waziwazi kwamba bila baba yake hatasimama kanisani. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, na Sixten akaelewa kwamba hakuwa anatania.

Inabidi niseme kidogo kuhusu sauna, maana bila sauna mambo ya nyumba hiyo hayaeleweki. Sauna ya akina Niskanperä, kibanda cha mbao cha kuogea mvuke wa moto, iko nyuma ya nyumba, karibu na mto, na huwashwa kila Jumatano na kila Jumamosi. Iliwashwa hata Jumamosi aliyofariki bibi yake Kaisu. Siku pekee inapobaki baridi ni siku Ufini inapocheza na Uswidi.

Chanzo chake ni mwaka ule Kaisu alipokuwa bado anasoma shule ya msingi. Ufini iliongoza mabao matano kwa moja. Mzee Oiva akasema kwisha habari yao, akachukua taulo, akaenda zake sauna. Aliporudi, mwekundu na mwenye furaha, Waswidi walikuwa wamefunga la sita na wanakumbatiana. Nchi nzima ilitafuta wa kulaumiwa, wengine wakamtaja kipa, wengine kocha, wengine marefa. Mzee Oiva hakumlaumu mtu yeyote, kwa sababu alimjua mkosaji. Ni yeye aliyeondoka kwenye kiti chake.

Tangu hapo kila mtu hubaki mahali alipokaa mchezo ulipoanza, mpaka kipindi kiishe, na hoki ina vipindi vitatu. Hakuna kwenda chooni wala kumimina kahawa. Televisheni huwekwa bila sauti na maneno husikika kwenye redio, kwa sababu watangazaji wa televisheni Mzee Oiva hawataki. Redio huitangulia picha kwa sekunde kadhaa, kwa hiyo katika nyumba hiyo bao husikika kwanza, kisha ndipo linaingia. Jambo hilo huwachanganya wageni kidogo. Wenyeji wamezoea.

Sixten aliwasili na kopo la ugoro mpya kwa ajili ya mzee. Alivua viatu mlangoni, akamwamkia mama yake Kaisu, Eila, kisha mzee. Mzee Oiva alilipokea kopo, akaligeuza kusoma maandishi ya chini, akaliweka juu ya redio bila kulifungua. Akamwonyesha mgeni kiti cha mbao karibu na dirisha, kile ambacho hakuna mtu wa nyumbani anayekikalia kwa hiari. Sixten alikaa. Shati lake la mirabamiraba lilifungwa vifungo mpaka shingoni, na chumba kilikuwa na joto.

Siku moja kabla, Kaisu alikuwa amempigia simu kumpa maagizo. Baba asione rangi ya njano ya Waswidi. Asisikie kelele. Na Ufini ikifunga, apige makofi kidogo, haitamuua. Sixten akasema sawa.

Basi bao la kwanza la Ufini likaja, na Sixten akapiga makofi.

Mzee Oiva aligeuza shingo taratibu. Hakumtazama Kaisu wala Eila, alitazama mikono ya yule kijana mpaka ikatulia. Kisha akarudi kwenye televisheni, ambako bao hilo lilikuwa ndiyo kwanza linaingia.

Kipindi kilipoisha alimwita Kaisu nje, kwenye ngazi za mlangoni. Mto ulikuwa mpana na mweusi, barafu imeondoka wiki iliyopita tu, na jioni ilikuwa bado nyeupe kama mchana. Mzee alijiwekea ugoro chini ya mdomo kwanza.

"Anapiga makofi," alisema.

"Ni adabu, baba."

"Adabu ni kunyamaza. Hapo mimi ningemwelewa. Yule amelipigia makofi bao lililoingia kwenye wavu wake mwenyewe." Alifikiri kidogo. "Siku mkigombana wewe na yeye, atampigia nani makofi?"

Kaisu alisema tu kwamba chai ya mgeni itapoa, na hapakuwa na chai, ila kahawa.

Katika kipindi cha pili Ufini ilifunga mara mbili. Sixten alipiga makofi mara mbili, na mara ya mwisho akaongeza, "Bao zuri hilo." Eila, aliyekuwa anafuma soksi, aliiweka soksi mapajani. Tatu bila, dhidi ya Waswidi, nusu fainali, na mwenye nyumba alikaa amenuna kama mtu aliyeibiwa baiskeli. Kaisu aliona jasho kwenye shingo ya Sixten, juu ya kifungo cha mwisho, na alitamani kuinuka akakifungue. Lakini Ufini ilikuwa inaongoza, na hata yeye hakuthubutu kuinuka.

Mapumziko yalipofika Kaisu alimchukua Sixten kwa mkono mpaka nyuma ya sauna, kwenye lundo la kuni.

"Makofi basi," alimwambia. "Acha."

"Si wewe uliyesema?"

"Nilisema kidogo."

"Nitapigaje makofi kidogo, Kaisu? Kwa vidole viwili?" Sixten alijiegemeza kwenye ukuta wa sauna. Ukuta ulikuwa baridi. "Kile kiti kinaniumiza, mikono inaniumiza, na moyo ndiyo usiseme. Mara tatu nimeshangilia tukifungwa. Bibi yangu angekuwa hai angenichapa."

"Na joto lote lile unajifunga shati mpaka kooni kama mchungaji."

Alinyoosha mkono akafungua kifungo cha kwanza, kwa upendo, kisha cha pili. Chini ya shati kulikuwa na njano.

Kaisu aliitazama kwa muda. Ilikuwa jezi yenyewe ya timu ya taifa, ya zamani, imepauka kwa kufuliwa, na moja ya mataji matatu ya nembo ya Uswidi lilionekana kifuani.

"Hii ni nini?"

"Ulisema baba yako asiione. Hajaiona."

"Umekuja nyumbani kwa baba yangu na hii mwilini?"

"Naivaa kila mechi tangu nina miaka kumi na saba. Nisipoivaa tunafungwa."

"Umeivaa na mnafungwa."

"Kwa sababu nimeifunika," Sixten akasema, na alisema kwa dhati kabisa.

Kaisu alitaka kucheka na alitaka kumsukuma mtoni, na mambo hayo mawili yakazuiana. Akamwambia maneno ya baba yake kama yalivyosemwa, pamoja na lile swali la makofi. Sixten alisikiliza mpaka mwisho. Uso wake ulibadilika, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana kama yeye.

"Baba yako amesema kweli," alisema. "Na wewe unasemaje?"

"Mimi nilimpenda fundi aliyemwambia daktari mkuu mbele ya watu kwamba pampu imekufa kwa sababu hakuna aliyejisumbua kuisafisha. Huyo leo hajaja."

"Amekuja. Ni wewe uliyemfunga vifungo."

Hilo lilimchoma kwa sababu lilikuwa kweli. Kaisu aliokota gome la mti kwenye kuni, akalivunja vipande, akavitupa.

"Nikilivua hili shati," Sixten aliendelea, sasa kwa upole, "baba yako hatavuka daraja. Umesema bila yeye husimami kanisani. Kwa hiyo nikilivua nakukosa. Niambie basi, nisipolivua?"

"Usipolivua," Kaisu akasema, "naolewa na shati."

Walitazamana. Hawakushikana mikono. Eila alitokea kwenye kona ya nyumba na kusema kwamba wanaanza, na kwamba mzee ameshakaa.

Sixten aliingia, akakaa kwenye kiti chake cha mbao, akafungua vifungo vyote kimoja kimoja, akalivua shati na kulikunja magotini. Njano ilijaa chumba kizima. Mataji matatu yalikuwa mbele ya Mzee Oiva, karibu kuliko alivyowahi kuyaona.

"Ulikuja nayo tangu mwanzo?" mzee aliuliza.

"Ndiyo, mzee."

"Chini ya shati."

"Ndiyo."

"Na makofi yale?"

"Yale hayakuwa yangu. Hutayasikia tena."

Mzee Oiva alifungua mdomo, lakini redio ikatangaza kuanza kwa kipindi, naye akaugeukia mchezo. Kaisu alikaa na mikono katikati ya magoti. Alijua kwamba huenda ndiyo kwanza wamepoteza harusi yao, na pamoja na hofu hiyo alijisikia mwepesi, jambo lililomshangaza.

Waswidi walifunga mapema. Sixten alijipiga gotini. Wakafunga tena, na sasa akasema, bila kugeuka, "Kipa wenu amelala, mzee."

"Wenu alilala tangu kipindi cha kwanza," Mzee Oiva akajibu. "Mlimtandikia kitanda."

"Ameshaamka."

"Ameamka kwa sababu mnamkanyaga. Kaa chini."

"Nimekaa."

"Ulitaka kuinuka. Nimekuona."

Eila alimtazama binti yake. Miaka mingi mume wake aliangalia mechi za Uswidi kimya kama mtu aliye kwa daktari wa meno, na sasa alikuwa anajibizana na mtu. Kaisu naye aliliona, lakini hakutaka kujipa matumaini ya bure.

Dakika ya mwisho Waswidi walimtoa kipa wao na kuingiza mshambuliaji wa ziada badala yake. Mzee Oiva aliamuru kwamba hakuna kuinuka, hakuna kuvuka miguu, hakuna kukohoa. Wote walitii, hata yule mwenye jezi ya njano, aliyesema kwamba akiwa ndani ya nyumba ya watu anafuata sheria za nyumba. Redio ikapiga kelele. Tatu kwa tatu. Kwenye televisheni kile kisahani cheusi kinachochezwa badala ya mpira kilikuwa bado kinazunguka kwenye kona, na waliikodolea macho kona hiyo, wakisubiri kitu ambacho tayari kilikuwa kimetokea.

Wakati wa kungoja muda wa nyongeza Mzee Oiva alimaliza ugoro wake. Alilitikisa kopo tupu. Kisha, kwa uso wa mtu asiyefanya chochote cha maana, akachukua lile jipya juu ya redio na kulifungua.

Muda wa nyongeza, ambao bao la kwanza huumaliza, haukuwa mrefu. Mtangazaji alikuwa anasema kwamba Ufini inashambulia, mara sauti yake ikapanda kwa namna ambayo kila Mfini anaijua na hataki kuisikia, kisha ikashuka. Uswidi imefunga. Imekwisha.

Kwenye picha ilikuwa haijakwisha. Mfini alikuwa na kisahani kwenye gongo lake na anakwenda mbele vizuri kabisa. Zilibaki sekunde chache, na katika sekunde hizo Kaisu alimtazama Sixten. Hakuwa anatazama televisheni. Alikuwa ameshinda na anajua ameshinda, na macho yake yote yalikuwa kwa Mzee Oiva, bila kejeli na bila huruma ya kujionyesha. Alimtazama jinsi mtu anavyomtazama mwenzake anayebeba mzigo mzito, kuona kama ataufikisha. Kaisu alikuwa amempenda mtu huyo kwa zaidi ya mwaka, lakini hapo ndipo alipojua kwamba akimkosa hataolewa na mwingine kwa amani.

Kisha picha ikafika, kisahani kikapotea, Mswidi akakimbia nacho, bao likaingia. Na Sixten, ambaye ni binadamu, akaruka na mikono yote miwili juu, na kiti cha mbao kikaanguka kwa kishindo.

"Samahani," alisema. Akakiinua. "Samahani kwa kiti tu."

Mzee Oiva alizima redio. Akazima televisheni. Akapita katikati yao na kutoka nje bila kuvaa koti.

Eila alisema wamwache. Akasema pia, taratibu, kwamba hajamwona akitoka hivyo tangu mwaka ule.

Kaisu alimsindikiza Sixten mpaka kwenye gari lake la kazi. Shati alilibeba mkononi, jezi ikabaki mwilini. Walisimama pale na hakuna aliyeshika kitasa cha mlango.

"Basi jibu limepatikana," Sixten alisema.

"Hajasema kitu."

"Kaisu. Ametoka bila koti."

Kaisu alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Kisha akajifuta na kiganja.

"Nilikwambia bila yeye sisimami kanisani. Hilo silibadilishi, kwa sababu sitaweza kusimama, miguu itakataa. Lakini kuvuka daraja nitavuka. Tutakaa pamoja bila kanisa, na kila Jumapili nitakuja kumwona, na atanikasirikia kila Jumapili. Nimeshaamua."

"Hutaki hivyo."

"Sitaki hivyo. Nakutaka wewe."

Sixten alimshika uso kwa mikono yote miwili, ile mikono iliyopiga makofi ya uongo. Hapo ndipo Kaisu alipoinua pua. Kulikuwa na harufu ya moshi wa kuni za mti wa mbetula.

Walizunguka nyumba. Bomba la sauna lilikuwa linatoa moshi mnene wa moto uliowashwa sasa hivi. Mzee Oiva alikuwa mlangoni mwa sauna, na shati tu bila koti, amebeba kuni kifuani. Aliwaona, akaziweka chini zote kwanza.

"Mwaka ule niliondoka kwenye kiti," alisema. Alikuwa anaongea na kuni. "Leo sikuondoka. Hakuna aliyeondoka. Sauna imekaa baridi siku nzima."

"Ndiyo, baba."

"Na tumefungwa vile vile."

"Ndiyo."

Shavu lake lilicheza, na Kaisu, aliyemjua vizuri, alisubiri.

"Basi haikuwa mimi," Mzee Oiva akasema.

Eila alikuwa amefika nyuma yao na taulo. Alikuwa amemwambia hivyo kila mwaka tangu siku ile, na sasa hakumkumbusha.

Kaisu alisogea karibu. "Na katikati ya kiangazi, baba? Kanisani?"

"Siku hiyo kuna mechi?"

"Kiangazi hakuna mechi."

"Basi nitavuka," alisema, kama anayezungumzia ugoro. Alifungua mlango wa sauna, akapisha, na kumtazama yule Mswidi kuanzia juu mpaka chini.

"Hiyo jezi ibaki nje," akamwambia. "Wewe ingia."